Wati 3000 kwa fyuzi ya ampia 30

Kwenye maduka ya muziki wa magari pale Kalangalala, kwetu Geita, amplifaya inauzwa kwa namba moja kubwa iliyochapwa kwenye boksi: wati 2000, 3000, hata 5000. Mteja anauliza inapiga wati ngapi, muuzaji anasoma boksi, mnaanza kupatana bei. Houston ninakoishi boksi lina namba kubwa vilevile, ila wanunuzi wanaojua hutafuta nyingine, ndogo, iliyoandikwa RMS.

RMS ni wati ambazo amplifaya inazimudu wimbo mzima bila kukatika, siyo kishindo cha mara moja. Tangu 2003 Marekani wana kipimo kilichoanza kwa jina la CEA-2006: amplifaya inapimwa kwa umeme wa volti 14.4 na spika ya omu 4, na mkwaruzo usizidi asilimia 1. Kampuni inakifuata kwa hiari, lakini mnunuzi anapata pa kushikia. Vifaa vingi vinavyouzwa kwetu havina maelezo hayo, na simlaumu mwenye duka, anauza alicholetewa.

Pa kushikia pengine ni fyuzi. Geuza amplifaya, ubavuni utaziona, za rangi, na kila moja ina namba yake. Kama ni moja ya ampia 30, zidisha kwa 14.4, unapata wati 432. Huo ni umeme unaoingia. Amplifaya ya daraja D hutoa kama asilimia 80 ya huo kwenye spika. Ya AB hutoa nusu au zaidi kidogo, kinachobaki kinaishia kuwa joto. Mpwa wangu, dereva wa mchomoko (gari dogo la abiria) wa Geita–Katoro, alinipigia simu ya video akiwa dukani.

“Shikamoo mjomba. Nimepata ya wati 3000, hii itatikisa vioo!”

Nikamwambia aigeuze. Fyuzi moja, 30. Akapiga hesabu kwenye simu, kisha nikamsikia akimwambia muuzaji, “Kaka, hebu nioneshe nyingine.”

Omu nazo zinaunguza vifaa vingi. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, amplifaya inakutana na omu 2; zikiungwa kwa kufuatana, omu 8. Ukiongeza ya tatu sambamba, unashuka hadi omu 1.3, na amplifaya iliyotengenezwa kuishia omu 2 inachemka na kujizima, au inaungua kabisa.

Kwenye waya, nyumbani sina cha kutetea. Mafundi makini wa huku huweka fyuzi kwenye waya mkuu, ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, ili waya ukichubuka na kugusa bodi fyuzi ikatike kwanza. Kwetu nimeona waya mwembamba wa taa za nyumbani ukitoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye buti. Gari linaweza kuwaka moto, na lina abiria.

Lakini kwenye ufundi wa kutengeneza, Geita wako mbele. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na redio zake hushika FM kuanzia 76 hadi 90 au 95, ilhali vituo vyetu vinafika 108. Fundi wa nyumbani anafunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena, redio inaanza kushika vituo vya juu. Houston wengi hawajawahi hata kukiona. Spika ikiungua koili huku inatupwa. Kule fundi anaifungua, anasuka koili upya, anagundisha koni na kukurudishia. Kabla hajaifunga kwenye gari, mwombe aipime kwa mita mbele yako: spika ya omu 4 husoma pungufu kidogo, kama 3.2 hadi 3.6. Ikisoma 2, isukwe tena.