Wimbo Uliofungwa Siku Moja

Mwezi huu tuongee kidogo juu ya wimbo.

Tarehe 9 Novemba 2021, tume ya serikali inayochunguza nyimbo, kule Kinshasa, ilikataza redio na televizyo kupiga "Nini Tosali Te" wa kundi MPR. Kwa Kiswahili ni kusema: Nini hatukufanya? Tume ilisema wimbo haukupita mbele yake kabla ya kutoka, kama sheria inavyotaka. Watu wakapiga kelele, na kesho yake ukafunguliwa.

Wimbo wenyewe unalia juu ya taabu ya raia. Viongozi wanabadilika, taabu inabaki pale pale.

Huku kwetu Kisangani nilisikia mzee mmoja akisema: "Hao batoto hawana heshima." Ninamuelewa. Wimbo unaweza kuharibu nyumba. Hata Franco alitiwa gerezani mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo za matusi, na sitazililia nyimbo zile. Lakini ni Franco yule yule aliyeimba "Attention na SIDA" mwaka 1987, kuonya watu juu ya ugonjwa. Basi tupime wimbo, tusipime jina la mwimbaji. Tena matusi ni kitu kimoja, kilio ni kingine.

Kijana amepata diploma ya serikali, leo anasukuma toleka. Mwenzake amekwenda kariere kutafuta diama, amerudi na malaria na mikono mitupu. Akiuliza "nini hatukufanya?", hatukani mtu. Nabii Habakuki alimlalamikia Mungu mwenyewe, na Mungu hakumfunga kinywa. Alimjibu. Sasa kiongozi gani ni mkubwa kuliko Mungu?

Nanyi vijana, sikieni. Kilio ni haki yenu, lakini hakilimi shamba. Habakuki alipomaliza kulalamika, alisimama kwenye zamu yake kungoja jibu. Hakwenda kulewa. Simama kwenye zamu yako: jifunze kazi ya mkono, weka feza kidogo, usimuibie mwenzako shimoni.

Wazazi, musizime redio haraka. Kaeni, sikilizeni pamoja na mtoto, kisha mumuulize: neno gani limekugusa, na kwa nini? Pengine hapo ndipo mutajua taabu ambayo hajathubutu kuwaambia.

Mungu abariki jamaa zenu.