Mgeni Asiye na Mwenyeji



Wapendwa waamini, tunapokuwa safarini wengi wetu tumezoea malazi ya aina mbili: hoteli, au nyumba ya ndugu. Katika miji ya Uingereza imeenea aina ya tatu, yaani fleti zinazopangishwa kwa siku au kwa majuma. Mgeni hupata sebule, chumba cha kulala, jiko lenye vyombo vyote, friji na mashine ya kufulia. Mara moja kwa juma huja mtumishi kubadili mashuka na taulo. Mtu wa mapokezi hayupo. Mgeni hutumiwa tarakimu za siri kwa simu, huzibonyeza mlangoni, na mlango hufunguka. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika fleti hizi jembe hulikuta siku ya kwanza, ila hakuna wa kumkabidhi.

Hivi majuzi sisi mapadre wawili tulikaa majuma mawili katika fleti ya namna hiyo mjini Reading, kilomita 60 hivi magharibi ya London, mahali mto Kennet unapoingia katika mto Thames. Mji huo una kampuni nyingi za kompyuta, na treni ya haraka huufikia London kwa muda wa nusu saa. Kwa hiyo wapangaji wa muda hawapungui: wahandisi, familia zinazosubiri nyumba, na watu wenye wagonjwa hospitalini.

Tuseme haki: fleti ile ilitufaa sana. Tulijipikia wenyewe, gharama ikapungua, na Masifu ya Asubuhi tuliyasali mbele ya dirisha lililoelekea majini, ambako mabata maji walielea na mashua nyembamba zilipita taratibu.

Matembezi ya jioni yalitufikisha kwenye magofu ya Abasia ya Reading. Mfalme Henry I aliianzisha mwaka 1121, na mwaka 1136 yeye mwenyewe akazikwa humo. Katika hati ya kuianzisha aliagiza kwamba sadaka za abasia zisiwanufaishe jamaa za abate, bali zitumike kuwapokea maskini, mahujaji na wageni. Watawa wake waliishi Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo katika sura ya 53 inaagiza kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Mtawa William wa Malmesbury, mwandishi wa historia wa zama zile, alisimulia kwamba wageni walifika pale kila saa, na walikula kuliko watawa wenyewe. Mwaka 1189 ilianzishwa nyumba maalumu ya wageni, iliyoitwa Hospitium, na jengo lake mojawapo lingali limesimama.

Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII aliifunga abasia. Abate wa mwisho, Hugh Faringdon, alihukumiwa kwa uhaini na kunyongwa mjini humo tarehe 14 Novemba mwaka ule ule. Papa Leo XIII alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1895. Mawe ya abasia yalibebwa kwenda kujengea kwingine. Kando ya magofu hayo lipo leo kanisa Katoliki la Mtakatifu Yakobo, lililofunguliwa mwaka 1840, nasi tulisali humo Misa ya Dominika.

Jina Hospitium, pamoja na maneno yetu hospitali na hoteli, asili yake ni neno la Kilatini hospes. Neno hilo lina maana mbili kwa pamoja: mgeni, na pia mwenyeji. Tulifundishwa hivyo seminarini. Tuliyaona kwa macho siku ya sita ya kukaa kwetu, saa mbili usiku, mlango wetu ulipogongwa.

Alikuwa mzee wa fleti ya jirani. Hakujua kuiwasha mashine ya kufulia, na maelekezo yake yalikuwa kwenye intaneti. Walitoka mbali kwa ajili ya matibabu ya mkewe, aliyekuwa amelazwa. Tuliiwasha mashine, tukamkaribisha chai. Mashine ilimaliza kazi, naye bado ameketi. Alituambia kwamba kwa siku tisa hakuwa amezungumza na mtu, isipokuwa madaktari na wauguzi. Na ukuta wetu na wake ulikuwa mmoja! Tangu jioni ile alikula nasi wali na maharage kila usiku, na yeye akawa analeta mkate. Sisi wageni tukawa wenyeji.

Fleti ile haikupungukiwa na kitu chochote tulichokilipia. Huduma hulipiwa, na deni likaisha hapo. Ukarimu huacha kifungo cha upendo kisichofutwa kwa stakabadhi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: upweke uliopona usiku ule haukuwa wa mzee peke yake.

Wapendwa, upweke huo upo hata katika mitaa yetu. Mpangaji mpya hulipa kodi kwa simu, hufunga mlango wake, huja Misa ya kwanza, na hurudi kwake bila aliyemwuliza jina. Tusingoje abishe hodi, kwa maana yule mzee alipata ujasiri wa kubisha baada ya siku tisa. Juma hili kila familia imtafute mgeni mmoja wa jirani, imwalike katika Jumuiya, na imkaribishe japo kikombe cha chai.

Mwenyeheri Hugh Faringdon, utuombee. Tunawatakia Dominika njema.