Simu Ilitiwa Kiraka Usiku, Mwenyewe Hakuulizwa

Msomaji mpenzi, je, umewahi kulala simu yako ikiwa na kasoro, ukaamka na kuikuta imepona? Hukwenda kwa fundi. Hukufungua duka la programu ukabonyeza mahali pa kusasisha. Bando lako nalo halikupungua kiasi cha kukutia wasiwasi. Lakini kitufe kilichokwama jana leo kinabonyezeka, na hesabu iliyokuwa imepinda imenyooka. Wengi wetu humshukuru Mungu tukaendelea na shughuli zetu. Mjomba wangu wa Keringet hakushukuru. Alikasirika, na kadiri ninavyolitafakari jambo hilo ndivyo ninavyoona kwamba alikuwa na haki.

Watu wa mjini huijua Keringet kwa chupa ya maji, nao wapenzi wa riadha humkumbuka Faith Kipyegon. Kwa wenyeji wa Kuresoi Kusini, Keringet ni baridi, viazi na maziwa. Mjomba ana ng'ombe wawili wanaokamwa. Kila alfajiri hupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, ambako kwa miaka mingi karani alimwandikia kilo kwenye kadi. Kisha kikundi chao kikaleta programu ya simu. Karani anapima na kubonyeza, naye mkulima anaziona kilo zake papo hapo pamoja na jumla ya mwezi. Vijana walishangilia. Mjomba naye alijiunga, ila hakuacha kuandika katika daftari lake la shule, akidai kwamba simu huishiwa na moto lakini kalamu haina haja ya stima.

Mwezi mmoja jumla ilikuja pungufu. Mjomba alifungua daftari akalinganisha. Siku aliyopeleka kilo 11.8, programu ilijumlisha 11. Siku ya kilo 12.6, ikahesabu 12. Kilo zenyewe ziliandikwa sawasawa, lakini ile sehemu ya kujumlisha ilikuwa ikimeza kila kilichokuwa nyuma ya nukta. Kwa wastani wa nusu kilo kwa siku, katika siku 30 hizo ni kilo 15 hivi, na mtu mwenye mtoto katika shule ya bweni hawezi kuzipuuza. Jumatatu akaenda kituoni akafoka. Jumanne asubuhi, kabla hata hajavaa gambuti, alifungua simu na kukuta jumla imelingana na ya daftari.

"Mpwa wangu," aliniuliza kwa simu, "ni nani aliyeingia humu usiku?"

Nikamwambia afurahi, kwa kuwa amerudishiwa haki yake.

"Nifurahi? Aliyeingia bila kubisha hodi akaniongezea, kesho si ataingia vivyo hivyo anipunguzie? Na wale wasio na daftari watajuaje?"

Swali hilo lilinipeleka kwa kijana aliyeunda programu yenyewe, naye akanieleza bila kinyongo. Programu nyingi za siku hizi, msomaji, zina sehemu mbili. Kuna ganda, linalopitia duka la programu na kukaguliwa. Ndani yake kuna maagizo, aghalabu yaliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript, ambayo ganda huyasoma na kuyatekeleza. Mtindo huu ulienea sana baada ya kampuni ya Facebook kuwafungulia watu wote React Native mwaka 2015. Sasa, ganda likibaki vilevile, maagizo ya ndani yanaweza kubadilishwa kutoka mbali. Programu inapofunguliwa huuliza seva kama kuna jipya. Likiwepo, hulishusha kimyakimya, na unapoifungua tena unatumia maagizo mapya bila habari. Microsoft iliwahi kutoa huduma ya kazi hiyo, CodePush, hadi ilipofunga App Center tarehe 31 Machi 2025. Wengine hutumia huduma ya Expo.

Kwa nini wasipite mlangoni kama kila mtu? Apple husema kwamba asilimia 90 ya programu inazoletewa hukaguliwa chini ya saa 24, lakini Google huonya kwamba ukaguzi unaweza kuchukua siku 7 au hata zaidi. Isitoshe, ukaguzi ukiisha, mkulima mwenyewe ndiye anayepaswa kushusha programu nzima upya. Simu yake imejaa picha za harusi na bando ni la shilingi kumi. Atasasisha lini? Kiraka cha usiku ni kidogo mno kikilinganishwa na programu nzima. Hapo sina ubishi na kijana: mjomba angesubiri duka, kilo zake zingeendelea kumezwa.

Lakini acha nikukumbushe lumbesa. Kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Tuseme gunia linapimwa langoni likiwa halali, kisha mbele kidogo, nyuma ya mti, linaongezewa kofia ya wavu na viazi juu yake. Mkaguzi aliona gunia jingine na mnunuzi wa Nairobi analetewa jingine. Ndivyo inavyoweza kuwa kwa programu, na wenye maduka wanalijua hilo. Google hukataza programu kujibadilisha nje ya duka lake, ila huruhusu maagizo kama ya JavaScript mradi yasivunje sheria zake. Apple nayo huruhusu, mradi programu isigeuzwe kuwa kitu kingine. Machi 2017 iliwaonya watengenezaji waliotumia vyombo kama Rollout na JSPatch, kwa kuwa viliweza kugusa hata matumbo ya simu kutoka mbali.

Si lazima kiraka kiwe kipya. Tarehe 13 Agosti 2020 kampuni ya Epic Games iliwasha, kutoka mbali, njia yake ya malipo ndani ya mchezo wa Fortnite, njia iliyokuwa imepita ukaguzi ikiwa imezimwa. Apple na Google ziliuondoa mchezo huo madukani siku hiyohiyo, na kesi zikafuata kwa miaka.

Hapa kwetu lango hilo lina maana ya mfukoni kabisa. Tangu mwaka 2023 Google hudai programu za mikopo nchini Kenya zionyeshe kibali cha Benki Kuu. Utakumbuka vilio vya waliopigiwa simu jamaa zao na kuaibishwa kwa deni la shilingi elfu mbili. Yamkini programu ya mkopo ikakaguliwa leo ikiwa na adabu, kisha kesho usiku hesabu ya riba ikabadilishwa kwa kiraka. Nani ataona? Mkopaji hana daftari.

Hata hivyo, msomaji, usidhani njia hii ni ya wajanja tu. Septemba 2023 Rais Ruto aliwazindua rasmi wahudumu wa afya ya jamii 100,000 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Mfumo wao wa simu, eCHIS, umejengwa juu ya msingi ulio wazi kwa yeyote kuusoma, uitwao Community Health Toolkit. Nao una ganda jepesi la Android, na vya ndani hutoka kwenye seva. Mhudumu anaweza kufanya kazi milimani pasipo mtandao, na apatapo mtandao, fomu zilizorekebishwa humfikia. Hebu fikiria fomu ya mtoto mwenye homa ikiwa na swali lililokosewa. Nani angetaka kusubiri siku 7? Lakini msingi huo una jambo dogo lililonipendeza: toleo jipya likiwa tayari, skrini humwambia mtumiaji kwamba limekuja na kumwomba aifungue programu upya. Ni hodi tu, haigharimu kitu.

Mjomba hakuijua habari hiyo alipokwenda kwenye mkutano wa kikundi, lakini alidai hodi hiyohiyo. Alitaka hesabu isiguswe kabla kila mwanachama hajatumiwa ujumbe mfupi, hata mwenye simu ya kabambe, ukisema kinachobadilika na kuanzia tarehe gani. Mwenyekiti akalalamika kwamba ujumbe ni gharama.

"Na maziwa yangu je?" akamjibu. Walicheka, wakapiga kura, ikapita.

Ujumbe wa kwanza ulifika wiki tatu baadaye, saa mbili usiku. Ulisema kwamba kuanzia kesho makato ya chakula cha ng'ombe yataonekana juu ya jumla badala ya chini, na kwamba hesabu yenyewe haijabadilika. Mjomba aliusoma mara mbili kwa sauti, akaunakili kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha akaniagiza nimnunulie daftari jingine Nakuru, la kurasa 96 safari hii.