Pwani ya Dakar na Mbao za Mawimbi

Nchi ya Senegal yaingia baharini kama mkuki, na ncha ya mkuki huo ni rasi ambayo juu yake umejengwa mji wa Dakar. Mwisho wa rasi huitwa Almadies. Hapo ndipo bara la Afrika liishiapo upande wa magharibi. Mbele yake viko visiwa vya Cabo Verde, kisha maji matupu mpaka Amerika.

Kwa sababu ya umbo hilo, rasi hupokea mawimbi toka pande mbili. Tangu Desemba hata Aprili, dhoruba za kaskazini huyasukuma mawimbi makubwa, na maji huwa baridi, kadiri ya digrii 18 hata 20. Kati ya Julai na Septemba mawimbi hutoka kusini, nayo huwa madogo zaidi. Maji hupata digrii 27 au kupita. Mzazi atakaye kuwapeleka watoto huko wakacheze juu ya mawimbi na aanze kwa kutazama kalenda, maana vifaa vyote hufuata majira. Aendaye Februari hana budi kuvaa vazi la mpira la kubana mwili, lenye unene wa milimita 2 au 3. Aendaye Agosti, likizo kuu ya watoto wetu wa Kongo, yamtosha fulana nyepesi ya kubana, ili ubao usimchubue kifua na jua lisimchome mgongo.

Sisi tuliozoea ziwa Kivu na Tanganyika twaona jambo hili kuwa geni. Ziwa likichafuka, mvuvi huvuta mtumbwi nchi kavu akangoja. Kumbe vijana wa Ngor, wana wa Walebu wavuvi, hungoja bahari ichafuke ndipo waingie! Wengi hudhani mchezo huu ni wa Wazungu, au wa watu wa Hawaii peke yao. Hawaii ni kweli walikuwa mabingwa tangu zamani. Lakini Mjerumani Michael Hemmersam, aliyekaa pwani ya Ghana ya leo miaka ya 1640, aliandika kwamba wazazi wa huko waliwafunga watoto juu ya mbao na kuwatupa majini wajifunze kuogelea. Na miaka ya 1830 Mwingereza James Alexander aliwaona wavulana wa Accra wakilala juu ya mbao nyepesi na kuletwa pwani na wimbi. Wimbi la kisiwa cha Ngor lenyewe lilijulikana ulimwenguni kwa filamu ya Mmarekani Bruce Brown, iliyotoka mwaka 1966. Siku hizi binti wa Ngor, Khadjou Sambe, amekuwa mwanamke wa kwanza wa Senegal kuufanya mchezo huu kuwa kazi yake.

Tulifika mwezi wa Julai, sisi na mama wa nyumba na watoto watatu. Kununua mbao hatukufikiri hata kidogo: ndege hudai malipo ya mzigo mrefu, na ubao wa bahari utafanya nini Bukavu? Huko pwani hukodishwa kwa saa au kwa nusu siku. Basi swali lilibaki moja: ubao gani?

Kijana wetu wa miaka kumi na miwili alikwisha kuchagua. Aliona ubao mfupi, mwembamba, wenye ncha kali na rangi nyekundu, kama ule wa mabingwa. Mwenye duka akausifu. Sisi tukauliza habari ya uzito. Ubao hupimwa kwa urefu na pia kwa lita, yaani ukubwa wa mwili wake, na lita ndizo zimwinuazo mtu majini. Mwanafunzi apewe lita zisizopungua kilo za mwili wake, na heri zizidi. Mtu mzima wa kilo 70 achukue ubao wa kadiri ya mita 2 na sentimeta 40, mpana, wenye ngozi laini ya sponji juu. Mtoto, wa mita 1 na sentimeta 80 hata 2 na sentimeta 10. Ubao mfupi huzama chini ya mwanafunzi, naye huchoka kwa kupiga mikono kabla hajapata wimbi hata moja. Tena ule wa mabingwa umefunikwa kitambaa cha kioo na gundi ngumu; ukimrudia mtoto kichwani, hauna huruma.

Jambo la pili ni kamba. Kila ubao hufungwa kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, ili mtu akianguka usiende zake ukawapige wengine, na yeye apate kitu cha kushika. Tuliivuta kamba ya ubao ule mwekundu kwa nguvu, kama tuvutavyo kamba ya ndoo kabla ya kuteremsha kisimani. Ikakatika mkononi. Mwenye duka akacheka, akasema ni ya zamani kidogo. Tukaaga, tukaenda kwa mwingine, na kijana akanuna njia nzima.

Kwa huyo wa pili tulitazama mapezi matatu ya nyuma kama yamekazwa, tukapapasa ubao wote tuone kama una ufa unaonywa maji. Kwa mdogo wa miaka saba tulichukua ubao mfupi wa kulalia tumbo, akae nao palipo maji ya magoti.

Mahali nako ni sehemu ya vifaa. Wimbi la Ngor huvunjika juu ya mawe yenye wadudu wa bahari wa miiba kama nungunungu. Huko waende wajuao, na viatu vya mpira miguuni. Wanafunzi na waende Virage au Yoff penye mchanga. Yoff ni mji mtakatifu wa Walayene, na kaburi la mwanzilishi wao li karibu na maji. Yafaa kuvaa nguo ya heshima mara utokapo baharini.

Hatari kubwa hapo ni mkondo urudishao maji kilindini. Mtoto wa ziwa hajui kitu hicho. Tuliwarudishia somo hilo kila asubuhi: usishindane nao, shika ubao, enda kando sambamba na pwani mpaka ukuachilie, inua mkono.

Siku ya nne kijana alisimama juu ya wimbi, akafika mchangani kwa miguu miwili. Jioni akaomba tena ubao mwekundu. Hatukumjibu, kesho yake tulikuwa na safari ya kilomita 70 kwenda Popenguine, kwa Bikira Maria, ambako Wakristo wa Senegal huhiji kila Pentekoste tangu mwaka 1888, na nguo zote zilikuwa bado zimejaa chumvi.