Dawa ya moteri: tununue ao tuache?

Wamama wapendwa, dada zetu, na ninyi wababa mnaochungulia karatasi hii kabla sisi wenyewe hatujaimaliza: juma hili tunaacha kidogo mambo ya lishe na chanjo, tunasema juu ya mafuta ya moteri. Msicheke. Hesabuni kwanza moteri zinazolisha nyumba zetu hapa Bukavu. Kuna pikipiki, ao moto kama tunavyoiita sote, ambayo mama ameinunua kwa likelemba na kijana anaitembeza toka Nyawera mpaka Panzi. Kuna jenereta ya saluni na ya friji ya sambaza. Kuna mashini ya kusaga mihogo kule Bagira. Kuna moteri ya mtumbwi unaovuka kwenda Idjwi. Zote zinakunywa mafuta, na siku hizi kuna watu wanaotuambia kwamba mafuta peke yake hayatoshi.

Wanauza dawa. Ni chupa ndogo yenye rangi nzuri, mililita 300 hivi, dola 7. Unaimwaga ndani ya moteri siku ya vidanji, na wanasema moshi utakwisha, esanse itapungua, moteri itaishi mara mbili. Muuzaji mmoja alikuja mpaka kwenye mkutano wetu wa akiba akiwa na kimashini chake cha maonyesho: chuma kinazunguka, kingine kinakikandamiza, bila dawa kinapiga kelele na kukwama, na dawa kinanyamaza. Wamama walipiga makofi. Mtunza sanduku hakupiga makofi. Aliuliza kama kikundi kitoe dola 14 kila vidanji kwa ajili ya moto zetu mbili, na swali likatupwa kwetu sisi walimu, kwa sababu walimu, wanasema, husoma kila kitu kilichoandikwa hata kwenye kopo la nyanya. Basi tumesoma.

Kwanza tujue kilichomo ndani ya bidoni ya mafuta yenyewe. Wengi wetu tunadhani ni mafuta tu, kama ya mawese, yanayotelezesha vyuma. Sivyo. Kiwanda kinachukua mafuta ya msingi, halafu kinatia ndani dawa za kila namna. Kuna zinayosafisha pistoni na kutuliza asidi inayotokana na esanse iliyoungua. Kuna zinayoshika masizi yasishikamane na kuziba njia. Kuna yenye zinki na fosforasi, inayojulikana tangu miaka ya 1940, inayojipaka juu ya chuma pale vyuma viwili vinapokaribia kugusana, ili iliwe yenyewe badala ya chuma kuliwa. Kuna ya kuzuia povu, na kuna ya kufanya mafuta yasiwe maji kabisa yakipata joto. Vipimo vyake vinajaribiwa katika moteri kabla ya bidoni kupewa zile herufi za API zinazoandikwa mgongoni.

Ndiyo maana mafuta yanakuwa meusi. Vijana wetu wanakuja kulalamika kwamba mafuta mapya yameingia weusi baada ya siku tatu, wanafikiri wameuziwa mabaya. Mara nyingi weusi huo ni kazi inafanyika, masizi yameshikwa. Kinachokwisha polepole ni zile dawa za ndani. Kwa hiyo siku ya vidanji hatubadilishi utelezi tu, tunanunua dawa mpya, nzima, yenye kipimo chake. Anayeongeza chupa juu yake ni sawa na mgeni anayetia chumvi katika sombe ya mwenye nyumba kabla ya kuonja. Labda sombe haitaharibika. Lakini aliyepika alikwisha kutia chumvi, na alipima.

Na kile kimashini? Tulikifikiria sana, maana macho yetu yaliona. Kinapima jambo moja: chuma kusugua chuma kwa nguvu. Ndani ya moteri yenye mafuta ya kutosha, sehemu kubwa zinazozunguka hazisuguani hivyo. Zinaelea juu ya utando mwembamba wa mafuta yanayosukumwa na pompi. Kushinda kwenye kimashini si kushinda ndani ya moteri.

Jambo hili si geni, wala si la Kongo peke yake. Katika Marekani dawa moja iliyoitwa Slick 50 iliuzwa kwa matangazo makubwa, ikisema inapunguza kulika kwa moteri kwa nusu. Mwaka 1996 Federal Trade Commission, tume ya serikali yao inayochunguza matangazo ya biashara, iliwashitaki wenye kuiuza kwamba hawakuwa na ushuhuda wa maneno hayo. Mwaka 1997 waliafikiana, wakakatazwa kuyasema bila ushahidi, na wanunuzi wakapangiwa fidia ya angalau dola milioni 10. Tume ilisema wazi kwamba moteri nyingi zinalindwa vya kutosha na mafuta ya kawaida. Mnunuzi wa huko ana tume ya kumtetea. Sisi tuna daftari la kikundi na kalamu.

Sasa tufike kwenye moto, kwani hapa ndipo makuta yetu yalipo, na hapa ndipo hatari ilipo.

Katika magari mengi ya gia za mkono, ambrayaji iko pakavu, mbali na mafuta ya moteri. Katika moto tunazoziona hapa kila siku, TVS, Boxer na nyingine za namna hiyo, disike za ambrayaji zinaoga katika mafuta yaleyale ya moteri. Na ambrayaji haitaki utelezi. Kazi yake ni kushika. Dawa nyingi za chupa zinajisifu kwa kupunguza msuguano. Mafuta yakizidi kuteleza, disike nazo zinaanza kuteleza. Wajapani walilijua jambo hilo, ndiyo maana mwaka 1998 waliweka kanuni yao ya mafuta ya pikipiki iitwayo JASO. Herufi MA maana yake mafuta yanaruhusu ambrayaji ishike vizuri. MB ni yale yenye kuteleza zaidi, na hayo si ya moto yenye ambrayaji inayooga.

Fikirini mlima wa Kadutu saa ya jioni. Kijana amebeba wateja wawili na gunia la makala. Anaongeza esanse, moteri inalia, moto haipandi. Nyuma kuna lori. Jirani yetu mmoja moto yake ilianza kufanya hivyo juma lilelile iliponyweshwa dawa. Fundi alifungua, akamwonyesha disike zimeng'aa kama kioo. Piesi mpya, kazi ya fundi, na siku mbili bila makuta ya jioni. Hatusemi kila chupa itafanya hivyo. Tunasema ambrayaji ni yetu na mlima ni wetu, muuzaji yeye alikwisha kwenda.

Tena tulisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Ni Kiingereza, maandishi madogo. Inasema chupa nzima ni ya moteri yenye lita 4 mpaka 6, yaani ya gari. Moto zetu zinachukua lita 1 hivi. Mwenye kumwaga chupa nzima humo, karibu robo ya kinachozunguka ndani ya moteri si mafuta tena. Vijana wetu wanaimwaga nzima, kwa sababu wamelipa nzima.

Hesabu yenyewe ni fupi, na tuliiandika ubaoni mkutano uliopita. Motari wetu anafanya vidanji kila majuma mawili, mara 26 kwa mwaka. Chupa ya dola 7 mara 26 ni dola 182 kwa moto moja. Kwa kuwa anarudisha dola 5 kila jioni, hizo ni jioni 36 anazofanyia kazi chupa. Lita ya mafuta mazuri ya moto tunainunua dola 5. Tukiamua kufanya vidanji kila siku 10 badala ya kila siku 14, tutaongeza vidanji 10 kwa mwaka, dola 50. Kwa hiyo, mwenye hofu ya kweli juu ya moteri yake, anayetaka kuipenda kupita kiasi, aipe vidanji mapema. Atakuwa amenunua dawa ileile iliyopimwa, na atabaki na zaidi ya dola 130. Kila mama anajua minervali ya mtoto wake ni ngapi. Sisi walimu tunajua pia ni watoto wangapi wanarudishwa nyumbani juu yake.

Mama mmoja alituuliza: na kama moto inakwisha kutoa moshi wa buluu? Swali zuri. Moshi wa buluu maana yake mafuta yanaungua. Mara nyingi segimenti za pistoni zimelika, ao mipira ya vali imekauka. Zile chupa zenye dawa nzito kama asali zinaweza kweli kupunguza moshi, maana mafuta yakiwa mazito yanapita kwa shida pale palipolika. Kama makuta ya segimenti yatapatikana mwezi ujao tu, na mtu amepata chupa ya namna hiyo kwa moteri ya gari kuukuu, hatutamgombeza. Lakini ajue amefunga kitambaa juu ya kidonda. Na mwenye kununua moto ya mitumba awe macho: chupa hiyohiyo inaweza kumnyamazisha mgonjwa siku ya kuuza. Mwombeni muuzaji aiwashe asubuhi ikiwa baridi, mtazame nyuma.

Kinacholika segimenti zaidi ya yote, hapa kwetu, ni vumbi. Toka mwezi wa sita mpaka wa nane, moto inayokwenda njia ya Walungu inameza udongo kila siku. Filtri ya hewa iliyopasuka ao isiyosafishwa hakuna chupa itakayoisaidia. Na filtri ni makuta kidogo.

Juu ya jenereta tutasema machache. (Tunakaa kando ya Ruzizi, mto ambao umezungusha mashini za umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na bado tunanunua esanse ili kuwasha taa. Tuyaache.) Vitabu vya jenereta nyingi ndogo vinaomba vidanji ya kwanza baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100. Umeme ukikatika kila jioni saa 5, saa 100 ni siku 20. Wengi wanakaa miezi sita. Hapo ndipo moteri zinakufa, si kwa kukosa dawa. Mashini za kusaga zinazotumia mazutu zinahitaji mafuta yenye herufi zinazoanza na C, kama CF ao CI-4. Zile zinazoanza na S ni za moteri ya esanse.

Kitu kimoja kinachotusumbua kuliko chupa za dawa ni bidoni zinazojazwa tena. Mafuta yaliyokwisha kutumika yanachujwa, yanarudishwa katika bidoni yenye jina kubwa, yanauzwa dola moja pungufu. Tazameni kifuniko kama pete yake haijakatwa. Na mkimaliza bidoni yenu, itoboeni kabla ya kuitupa, isije ikarudi sokoni.

Mtunza sanduku ameomba uamuzi Jumamosi. Maoni yetu sisi walimu watatu ni kwamba kikundi kisilipe chupa, na zile dola 14 zisitafutiwe kazi nyingine: ziandikwe mstari wake, vidanji na filtri. Motari wetu wawili waalikwe, maana wao ndio wanaomwaga, na si vizuri kuamua juu ya moto bila mwenye kuikalia. Kila mwenye moteri nyumbani alete bidoni yake tupu ya mwisho. Tutasoma herufi pamoja, bidoni kwa bidoni, halafu tutazitoboa.