Kisaa cha Mtaliano

Siku ya kwanza kukitia baiskelini, kile kisaa kilinisingizia. Nilikuwa nimekaa kitako stendini kwetu, karibu na soko la zamani la Malindi, kikombe cha kahawa chungu mkononi, baiskeli imeegemea ukuta chini ya bati. Kioo kikaandika kuwa ninakwenda kilomita 2 kwa saa. Kikashuka hadi sifuri, kikapanda tena, 3. Wenzangu wakaangua kicheko. “Bwana, wewe hata ukikaa unachuma!”

Hiyo ilikuwa 2007. Nilikuwa bodaboda wa baiskeli, zile nyeusi za chuma zilizoitwa Black Mamba, keria imeshonewa godoro jekundu lenye pindo la manjano. Kisaa nilipewa na mzee mmoja wa Kitaliano aliyekuwa akija kila Januari kukimbia baridi ya kwao. Alikuwa na baiskeli ya mashindano, nyepesi hata mtoto angeiinua. Nilimziba pancha mara mbili tatu njia ya Watamu, tukawa marafiki. Mwaka huo alikuja na kisaa kipya, akaniachia hiki cha zamani; akakifunga mwenyewe kwenye usukani wangu, na usukani ule mzito wenye kutu ukaonekana kama mzee aliyevalishwa saa ya harusi. Maandishi yake yalikuwa ya Kitaliano na sikuyabadilisha. Kitaliano cha ufukweni nilikuwa nacho tayari. Distanza, yaani umbali, na velocità, yaani kasi, nilifundishwa na kisaa.

Kuhusu ule uongo wa stendini, nilikuja kuelewa baadaye. Setilaiti za GPS huzunguka kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja haisemi ila mambo mawili: saa ngapi sasa, nami niko wapi. Kisaa kikizisikia nne kwa pamoja, hupima kila sauti imechelewa kiasi gani, kikajua mahali kilipo. Sasa ukikiweka chini ya bati, kando ya ukuta, sauti hufika zikiwa zimegongagonga, na mahali pake pakawa panacheza, mita chache huku, mita chache kule. Kisaa kikaona mchezo ule ni mwendo. Na hapo mambo yalikuwa yameshatengenea: kabla ya Mei 2000 Wamarekani waliichafua kwa makusudi ile sauti ya raia, na kosa likaweza kufika mita 100. Miaka hiyo ningekuwa nakunywa kahawa Malindi na kisaa kinaniambia nimo baharini.

Lakini nje, kwenye lami wazi, kilisema kweli. Na kweli ndiyo iliyonitia matatani.

Stendini tulikuwa na vipimo vyetu. Kisumu Ndogo ilikuwa “hapo tu” kwa mwenyeji, na “mbali kidogo” kwa mgeni mwenye begi. Muyeye ilirefuka jua likiwaka na kufupika wateja wakiadimika. Mimi nikapima kila njia kwa wiki mbili, nikaandika daftarini. Uwanja wa ndege, tuliokuwa tukiutoza kama safari ya kuhama nchi, haukufika kilomita 3. Nilipowasomea wenzangu nilidhani watafurahi. Wakanyamaza. Kisha mkubwa wetu akasema taratibu, “Hilo daftari, kijana, lipeleke nyumbani.”

Nililipeleka. Kisaa kikabaki, na kisaa kilionwa na mama mmoja muuza samaki niliyekuwa nikimbeba kila asubuhi na beseni lake, kutoka Shela kwenda Barani.

“Mwanangu, hiki kinasema nini?”

“Kilomita moja na nukta nane, mama.”

“Zote hizo? Na jana ulinitoza ngapi?”

Nikajitetea. Nikamwambia kisaa kinajua njia, hakijui mzigo. Lile beseni hakilioni. Mama alikuwa na mwili wake, mashaallah, na godoro langu lilimjua. Akanitazama. “Na mimi je, kinaniona?” Sikujibu. “Basi,” akasema, “toza beseni peke yake.” Tangu siku hiyo, stendi nzima aliiuliza swali moja kabla ya kupanda: “Wee, kisaa unacho?” Asiyekuwa nacho alipunguziwa nauli. Yule mkubwa wetu alikaa mwezi mzima hanisemeshi ila salamu.

Jumapili zilikuwa zangu. Nilikuwa nikivua godoro, najaza pumzi, naondoka alfajiri. Safari ninayoikumbuka zaidi ni ya Kilifi, mwezi wa saba, kusi likiwa kali. Kati ya Malindi na Kilifi ni karibu kilomita 60 na hakuna mlima wa kutaja, kwa hiyo mtu akikuona unahema atakuuliza unahema nini. Gede, Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke mkono wa kulia, Matsangoni, Roka; upepo kifuani wakati wote, minazi imelala upande mmoja. Tezo nilishuka nikasukuma, mahali tambarare kabisa, na kisaa kikaandika kwa adabu zake zote kuwa nimepanda mita sifuri. Nilifika darajani nikalala kwenye nyasi, nikautazama mkono wa bahari ambao utotoni, kabla ya daraja kufunguliwa 1991, tuliuvuka kwa feri. Kwenda, wastani ulikuwa kilomita 16 kwa saa. Kurudi, kusi mgongoni, 23. Njia ile ile, miguu ile ile, na maji nilikuwa nimeshayamaliza.

Ramani kisaa hakikuwa nayo. Kioo cheupe, na juu yake mstari mweusi wa pale nilipopita tu. Nisipokwenda, hapana kitu. Nilipokwenda kaskazini, daraja la Sabaki, Mambrui, Gongoni, kisha nikapinda kulia kupita mashamba ya chumvi hadi Ngomeni, mstari ule ulitoka kama ndoano ya samaki. Nikakaa nao chini ya mti pale ufukweni, najisifu, mzee mmoja mvuvi akaja kutazama.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Hicho kinazungumza na nani?”

Nikaonyesha juu. Akacheka, akanielekeza baharini, kwenye majukwaa ya San Marco yaliyosimama majini kwa miguu yake ya chuma. Pale Waitaliano walirusha setilaiti tangu 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilitoka hapo setilaiti ya Wamarekani iliyokwenda kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, na kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu yetu, wakaiita Uhuru. Mzee alisema aliuona moto wake akiwa ngalawani.

“Kwa hivyo kinazungumza na ile yetu.”

Nikamweleza kuwa sivyo: ile ilikuwa ya nyota, si ya njia, tena ilimaliza kazi 1973, ikaanguka na kuungua zamani. Alinisikiliza hadi mwisho. “Ilitoka hapa,” akasema. “Hapa inapajua.” Akaenda kuangalia nyavu zake.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, na haukupita muda stendi ikabadilika sauti. Nilishikilia baiskeli hadi 2010. Betri ya kisaa ilikuwa imeshachoka, inazima kabla sijamaliza kazi ya asubuhi, na fundi wa simu alipokifungua alikifunga tena bila kusema neno. Nikakopa, nikanunua pikipiki.

Abiria wangu wa kwanza alikuwa mama wa samaki. Beseni likafungwa nyuma, mama akapanda ubavu, tukaenda. Tulipofika Barani akashuka, akainama kutazama mita ya pikipiki.

“Inasema ngapi?”

“Imekufa, mama.”

“Uliinunua imekufa,” akauliza, huku akifungua fundo la leso kutoa pesa, “ama umeiua wewe?”