Mlango Usiouliza Mtoto ni wa Nani

Watu wengi wakisikia habari za sanaa ya zamani ya Italia hufikiri juu ya picha za wakuu na kuta za makanisa makubwa. Sisi akina mama 12 wa usharika mmoja, tuliosafiri kwa kundi kuutembelea mji wa Florence, tuliyaona hayo pia. Lakini kazi iliyotugusa kuliko zote iko nje, barazani, wala hailipiwi kiingilio. Ni sanamu za watoto wachanga.

Ziko mbele ya Ospedale degli Innocenti, yaani nyumba ya Wasio na Hatia. Jina hilo ni ukumbusho wa watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Aliyeichora ni Filippo Brunelleschi, yule yule aliyejenga kuba la kanisa kuu la mji huo. Ujenzi ulianza mwaka 1419 chini ya chama cha wafanyabiashara wa hariri. Haikuwa nyumba ya tajiri, bali ya kulea watoto walioachwa na wazazi wao. Mtoto wa kwanza, wa kike, alipokelewa tarehe 5 Februari 1445, akaitwa Agata Smeralda.

Mwaka 1487 Andrea della Robbia aliweka kati ya matao sanamu za udongo wa kuchoma, zenye rangi ya bluu na nyeupe inayong'aa. Kila mtoto amefungwa vitambaa, naye amefungua mikono kama anayesubiri kubebwa. Tulisimama kimya. Baadhi yetu ni wauguzi, na tumewahi kumpokea wodini mtoto aliyeokotwa.

Mwishoni mwa baraza lipo dirisha dogo. Hapo mama aliweza kumweka mwanawe na kuondoka bila kuonekana uso. Lilifungwa mwaka 1875. Ndani, ambamo sasa mna makumbusho, tuliona visanduku vyenye vitu walivyoachiwa watoto: shanga, utepe, medali iliyokatwa nusu. Nusu ya pili alibaki nayo mama, ili akirudi siku moja amtambue mtoto wake.

Tusidanganyane: watoto wengi walikufa, maana kwa muda mrefu hakukuwa na chanjo wala maziwa salama, na walitegemea wanyonyeshaji wa kulipwa. Hata hivyo, mama aliyekata medali hakumtupa mtoto. Alikuwa bado anatumaini.

Mwenzetu mmoja alibaki nyuma mbele ya visanduku hivyo. Alipotufikia alituambia, kwa mara ya kwanza katika miaka yote tuliyoimba pamoja, kwamba yeye naye aliachwa mlangoni mwa misheni akiwa na umri wa siku chache. Hatukupata neno la kusema. Tulimshika mkono.

Mchana huo tulialikwa na akina mama wa parokia moja ya mjini. Lugha haikutuunganisha, ila sufuria ilituunganisha. Walitupakulia ribollita, supu nzito ya maharage, mboga za majani na mkate uliolala. Ni chakula cha wakulima maskini, ambao hawakutaka mkate utupwe. Mama mwenyeji alipoona macho ya mwenzetu ni mekundu, hakuuliza kitu. Alimwongezea supu, akaketi karibu naye mpaka alipomaliza.

Tangu turudi tumekuwa tukijiuliza: binti wa jirani akipata mimba, neno letu la kwanza ni lipi? Mara nyingi ni "Ya nani?" Kisha tunashangaa mtoto akiokotwa kichakani. Binti yule aliogopa macho yetu kuliko giza la usiku.

Mama mpendwa, kama yuko binti wa namna hiyo mtaani kwako, mwendee wiki hii. Mpelekee uji, keti naye, kisha mfuatane kliniki. Maswali yatapata wakati wake. Mungu atusaidie nyumba zetu ziwe na mlango wa kupokea.